Siku nne, wazee wawili na Noah ya kuazima: Mtwara, Kilwa, Ndanda hadi Masasi

Swali: Shikamoo mzee wetu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mtwara mjini. Likizo ya Juni nataka kuwazungusha wazee wangu wawili kwa gari. Baba yangu ana miaka 71 na amekuwa mwadhini wa msikiti wa mtaani kwetu kwa muda mrefu. Mama mkwe ni Mkatoliki, alizaliwa hospitali ya Ndanda na hajarudi huko tangu aolewe, magoti yanamsumbua. Kaka yangu ananiazima Noah, dereva ni mume wangu, na tuna siku nne. Nimeorodhesha Mikindani, Lindi, Tendaguru, Kilwa Kisiwani, Songo Mnara, Kivinje, Ndanda, Masasi, Newala na Msimbati. Nianzie wapi, na nipange vipi ili kila mzee apate chake? (Somoe, Mtwara)

Jibu: Marahaba, mwalimu. Vituo kumi kwa siku nne ni viwili na nusu kwa siku, na hiyo nusu ndiyo itakayowagombanisha garini. Kwa hiyo nianze na panga.

Tendaguru itoe. Najua inavutia ukiwa mwalimu, lakini kilima kile kiko porini huko kaskazini-magharibi mwa Lindi, njia yake ni vumbi na mchanga, na ukishafika unakuta kilima na nyasi. Mifupa ya mijusi wakubwa ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, wapagazi wakaibeba kichwani siku kadhaa hadi bandarini Lindi, ikapakiwa melini, na leo mkubwa wao amesimama kwenye makumbusho Berlin, kimo chake kinapita mita 13. Kumtikisa mzee wa miaka 71 kutwa nzima aende kutazama mahali ambapo kitu kilitolewa si zawadi. Hadithi yenyewe msimulie mkiwa Lindi mmekaa mnatazama bandari, maana mzigo ulipitia pale pale.

Songo Mnara nayo itoe. Ni magofu mazuri, pengine yametulia kuliko ya Kisiwani, lakini yanataka siku yake ya baharini. Msimbati iko mlangoni kwenu. Nendeni Jumamosi yoyote. Newala nitairudia mwishoni, kwa sababu inategemea kama mwajiri wa mume wako ana huruma ya siku ya tano.

Sasa mpangilio. Watu wengi wanaponiuliza safari kama hii wananiletea ramani wameshahesabu kilomita. Kwa safari yenu mimi ningeanza na kalenda. Una mwadhini garini, kwa hiyo Ijumaa lazima imkute mahali panapomstahili. Una mama wa Ndanda, kwa hiyo Jumapili lazima imkute Ndanda. Ukishaziweka siku hizo mbili mahali pake, safari imejipanga yenyewe: mtoke Alhamisi, Ijumaa muwe Kilwa, Jumamosi mshuke mpaka Ndanda, Jumapili Misa, halafu Masasi na nyumbani.

Hujaniuliza habari ya mwezi, nami nakuambia kwa sababu yalinikuta. Hutakiwi kuchagua wiki yoyote tu ya Juni. Boti ya kwenda Kisiwani inashusha watu ufukweni karibu na Gereza, ile ngome ya kale, na nilipokwenda mimi pale hapakuwa na gati la maana la kumshusha mtu mwenye magoti mabaya. Maji yakiwa yamejaa, unatia mguu mchangani. Yakiwa yamekupwa, unatia mguu kwenye tope. Miaka kadhaa nyuma nilimpeleka mama mmoja mtu mzima pamoja na wanawe. Nilikuwa nimepanga kwa saa za ofisi, chai kwanza, kuvuka saa nne. Ilikuwa siku mbili baada ya mwezi mpevu. Mashua ikagota mbali na ufukwe, nahodha akasema hapa ndipo mwisho. Yule mama akapandisha kanga, akashika bega langu, tukatembea. Katikati tope likameza kiatu chake cha kushoto. Nikainama kukitafuta kwa mkono huku yeye amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, wanawe wananitazama kwa macho ambayo sijayasahau. Tulikipata. Akaniuliza, "Na Sultani naye alikuwa anashukia hapa hapa?"

Wavuvi wetu wote wanalijua hili, ni mimi niliyejifanya msomi. Pwani hii, wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji huwa yamekupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, wakati ule ule wageni wanapotaka kuvuka. Wakati wa maji mafu, nusu ya mwezi, bahari haikupwi sana, na asubuhi kwa kawaida maji yako juu. Kwa hiyo muulize baba yako mwezi mwandamo una siku ngapi. Tafuteni Ijumaa inayoangukia kati ya tarehe 7 na 10, au 22 na 24. Baba atafurahi pia kuona safari imepangwa kwa hesabu yake.

Sababu ya pili ya kuvuka mapema ni kusi. Juni upepo huo umeshakolea. Asubuhi bahari inakuwa na adabu, ikifika adhuhuri inaanza kurusha maji ndani ya boti. Masafa ni mafupi, kama kilomita mbili tu, lakini mtu asiyezoea bahari hajui kuwa ni mafupi. Kila mtu avae jaketi okozi, hata kama nahodha anacheka.

Basi, Alhamisi. Tokeni Mtwara saa kumi na mbili asubuhi. Mikindani simameni nusu saa, si zaidi. Mmeizoea, na watu wa Mtwara tuna tabia ya kuidharau kwa sababu tunaipita na daladala, lakini mwambie mume wako aegeshe mzee ashuke atazame mji kutoka upande wa maji. Ghuba ile iliingiza majahazi kabla Mtwara haijawa mji. Boma la Wajerumani la 1895 lipo bado, limekarabatiwa na kufanywa hoteli. Livingstone alipita hapa mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho, ile ambayo hakurudi.

Lindi fikeni kwa chai. Usiwatembeze wazee kwenye jua. Watafutieni kivuli karibu na maji, upande wa pili mnaona Kitunda. Baba yako anaweza kukijua kisa cha Barua ya Makka; kama hakijui, msimulie. Mwaka 1908 ilisambaa Lindi barua iliyosemekana imetoka Makka, ikiwataka Waislamu watubu kwa kuwa mwisho uko karibu. Miskiti ikajaa, na serikali ya Wajerumani ikashikwa na homa, kwa sababu Majimaji ilikuwa imetokea miaka mitatu tu nyuma na kila mkusanyiko waliuona vita. Ni kisa kizuri cha kusimulia mkiwa mnanywa chai. Hakina jengo la kutazama, ndiyo maana waongoza watalii hawakisemi.

Kutoka Lindi kwenda Nangurukuru, njia panda ya kuingia Kilwa, ni lami, na hapo ndipo dereva anapopitiwa. Barabara imenyooka, vijiji viko mbalimbali, halafu ghafla kibao cha 50 na trafiki ana tochi nyuma ya mwembe. Mwambie shemeji aheshimu kila kibao hata kama haoni mtu. Na muulize hali ya njia kabla ya kutoka: Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar ilikatika upande wa Somanga na magari yakakwama siku kadhaa. Somanga iko mbele ya Nangurukuru, nyinyi hamfiki huko, lakini mvua ikiwa kubwa hata madaraja ya huku hayana dhamana. Jazeni mafuta Lindi, na tena Nangurukuru kwenye sheli ya njia panda, hata kama tangi liko nusu.

Mkifika Kilwa Masoko, mji wa kuvukia, mchana, kabla ya kwenda gesti nendeni moja kwa moja ofisi inayosimamia magofu mkalipie kibali na kupata mwongozaji. Ukiliacha hilo hadi Ijumaa asubuhi, utamsubiri karani huku maji yanatoka. Hapo hapo patana bei ya boti ya kwenda na kurudi, na mseme kabisa kuwa kuna mama wa magoti, ili muongozaji achague boti yenye ubavu mfupi. Usilipe yote mpaka mrudi.

Ijumaa muwe majini saa moja asubuhi. Kitu cha kwanza mtakachokiona ni Gereza, ngome iliyo karibu na maji. Wareno walijenga hapo ngome baada ya kuuteka mji mwaka 1505; hili mnaloliona zaidi ni kazi ya Waarabu wa Omani, mnamo mwaka 1800. Msikae sana. Nguvu zenu ziwekeni Msikiti Mkuu.

Msikiti ule ulianza karne ya 11 ukiwa mdogo, sehemu ya kaskazini. Karne ya 14, Kilwa ilipokuwa inatajirika kwa dhahabu iliyokuja kupitia bandari ya Sofala, ukaongezwa upande wa kusini, na hiyo ndiyo sehemu ya matao na makuba. Mawe ni ya matumbawe, udongo wake ni chokaa ya matumbawe yaliyochomwa. Mwonyeshe baba yako namna jiwe la matumbawe lilivyochongwa likiwa bichi, likakauka na kuwa gumu. Sehemu nyingine ukikaribia unaona bado vijitundu vya mdudu aliyelijenga baharini. Mwache aingie peke yake kwanza. Nilimpeleka mzee mmoja wa Mtama ambaye alivua viatu kwenye kizingiti ambacho hakina mlango, kwenye jengo ambalo sehemu yake haina paa, akaingia kwa mguu wa kulia. Mwongozaji alikuwa ameanza kueleza tarehe. Nikamvuta mkono, akanyamaza. Mzee akasimama mbele ya mihrabu, akageuza mabega kidogo kama anayepima kibla, akatikisa kichwa kukubali, halafu ndipo akatugeukia akasema, "Haya, semeni."

Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, akausifu mji na ukarimu wa sultani. Sultani huyo ndiye anayehusishwa na Husuni Kubwa, jumba lililo juu ya jabali mashariki ya mji, lenye bwawa la pembe nane. Kwa miguu ni mbali kwa mama mkwe. Gawaneni: wewe na mumeo nendeni na mwongozaji mmoja, wazee wabaki kivulini karibu na msikiti na mtu mwingine wa kijijini. Mama akitaka kazi ya kufanya, mwambie habari ya nguo. Masimulizi ya Kilwa yanasema Ali bin al-Hasan, Mshirazi, alikinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizungushia chote. Kila mama niliyemsimulia hilo aliuliza swali moja: doti ngapi?

Mama mkwe ajitande kanga au mtandio. Kijiji kinaishi pale, watu wana misiba yao na watoto wao, si makumbusho. Kabla ya saa tano muwe mmesharudi Masoko. Baba aoge, avae kanzu yake, aende swala ya Ijumaa msikitini Masoko, na wewe usimpangie chochote hadi atakapotoka. Mara nyingi mgeni mwenye kanzu safi na salamu nzuri hatoki haraka. Wakati huo mpumzishe mama miguu juu ya kiti.

Alasiri nendeni Kivinje. Njia yake inachepuka kabla ya Nangurukuru, ni karibu. Hapa nataka niseme nawe kama mtu mzima kwa mtu mzima. Kivinje ni mji mzuri wa kusikitisha: nyumba za mawe zinabomoka, milango ya nakshi mingine imeshang'olewa, boma la Wajerumani limeinamia bahari. Karne ya 19 mji huu ndio ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Ziwa Nyasa. Pembe za ndovu zilikuja hapa, na watu walikuja hapa wamefungwa, wakapakiwa majahazini kwenda Unguja. Wazee wako wawili wamekaa kwenye gari moja, na babu zao huenda walikuwa pande mbili za mnyororo ule. Wanalijua hilo bila wewe kuwaambia.

Ushauri wangu ni kwamba usijifanye mwalimu hapo. Usiligeuze kuwa jambo la dini hii na dini ile, kwa sababu si kweli: Wafaransa walinunua watu Kilwa kwa ajili ya mashamba ya visiwa vyao tangu karne ya 18, na machifu wa bara waliuza majirani zao. Lakini pia usilifunike kwa maneno laini. Liseme mara moja, kwa sentensi fupi, halafu nyamaza. Nimeona wazee wakiyamaliza wenyewe humo humo garini, kwa namna ambayo mimi nisingeweza kuipanga. Mmoja anatoa tende, mwingine anapokea.

Ulizeni pia Mwembe Kinyonga. Si kinyonga yule wa rangi, ni kunyonga. Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga Kivinje Hassan bin Omari Makunganya, mfanyabiashara wa misafara aliyewapiga vita. Na kuanzia Kivinje ndipo mnapoanza kuifuata Majimaji hadi kesho jioni, hata kama barabara haina kibao. Vita vile vilianza Julai 1905 kwenye vilima vya Umatumbi, kijiji cha Nandete, magharibi mwa hapo mlipo, kwa watu kung'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Kinjikitile Ngwale, mwenye maji, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti. Siku zile zile Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, aliondoka Kilwa kwa miguu kwenda Peramiho na wenzake wanne, mabruda wawili na masista wawili. Tarehe 14 Agosti waliuawa wote karibu na Liwale. Mama yako mkwe huenda amesikia jina hilo kanisani tangu utotoni; sasa ataona bahari ambayo safari ile ilianzia.

Jumamosi ni siku ya barabara. Mnarudi mlikotoka hadi Mnazi Mmoja, mnakunja kulia kuelekea Masasi, mnapita Mtama, mnasimama Nyangao. Huko misheni ya Wabenediktini ilikuwepo tangu mwisho wa karne ya 19, ikachomwa 1905. Ingieni kanisani mtazame michoro. Hiyo ni ya Padre Polycarp Uehlein, Mbenediktini Mjerumani, mkono ule ule uliochora kuta za kanisa la Mtakatifu Paulo, Majengo, hapo Mtwara kwenu. Kama mama hajawahi kuliangalia kanisa la Majengo kwa makini, mpeleke Jumapili moja kabla ya safari, halafu mwache atambue mwenyewe Nyangao kwamba ni mkono wa mtu mmoja. Rangi hazijifichi.

Mkitoka Nyangao mnapita Mahiwa. Oktoba 1917 Wajerumani na Waingereza walipigana hapo siku nne, wakimaliza watu wa Afrika waliovaa sare za pande zote mbili, kuanzia askari wa huku hadi vijana walioletwa kutoka Nigeria. Hakuna cha kushukia garini, mume wako apunguze mwendo tu.

Halafu ukuta wa uwanda wa Makonde unaanza kuonekana upande wa kushoto, na chini yake ndipo Ndanda ilipo. Baada ya misheni za Nyangao na Lukuledi kuchomwa, wamonaki walianza upya hapa mwaka 1906, chini ya mteremko unaotoa maji mwaka mzima. Maji ndiyo yaliyowaweka. Fikeni kabla ya Masifu ya Jioni. Piga simu abasia mapema kuuliza nyumba ya wageni, na uliza saa za Misa ya Jumapili. Usitegemee kusimuliwa na mtu. Mkishaweka mizigo, mpelekeni mama hospitalini, si kutibiwa, kutembea tu. Watu waliozaliwa hapo ni wengi mno kusini hii, ila kila mmoja anapenda kusimama mbele ya mlango mmoja na kusema "humu." Baba naye mwulizeni mapema kama ataingia kanisani au atakaa nje chini ya miti. Yote mawili ni sawa, lakini asishtukizwe mlangoni. Nyumba nyingi za huku kwetu zina Athumani na Agustino wa tumbo moja, kwa hiyo hakuna atakayewashangaa.

Baada ya Misa, Masasi ni kama kilomita 40. Kwa mara ya kwanza mtaona miamba ile mikubwa imechomoza kutoka ardhini kama migongo ya tembo. Nendeni Mtandi, kanisa kuu la Waanglikana. Hapa ndipo hadithi ya Kivinje inapofikia. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja, akapitia Lindi, akawaleta bara watu waliookolewa utumwani, wengi wao wakiwa na asili ya pande za Ziwa Nyasa. Nia ilikuwa kuwarudisha makwao. Walipofika Masasi wakaona ardhi inafaa, wakasema inatosha, wakabaki. Kijiji chao ndicho mbegu ya mji huu. Steere huyo huyo ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kuandika sarufi ya Kiswahili na kutafsiri Biblia, kwa hiyo kama mwalimu una deni naye. Miaka ya 1960 askofu wa hapa alikuwa Trevor Huddleston, yule aliyefukuzwa kwa namna moja au nyingine na siasa za makaburu Afrika Kusini. Alikaa hadi 1968.

Ukiona muda unaruhusu, Lupaso alikozikwa Rais Benjamin Mkapa, Julai 2020, iko wilaya hiyo hiyo. Mimi ningeuliza kwanza mjini Masasi kama watu wanapokelewa siku hiyo, kwa sababu ni nyumbani kwa watu. Muda usiporuhusu, acheni bila majuto. Tokeni Masasi kabla ya saa nane mchana. Barabara ya Masasi hadi Mtwara ina malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma yanayokimbilia bandarini, na usiku taa zao zinampofua dereva aliyechoka.

Siku ya tano ikipatikana, laleni Masasi Jumapili, Jumatatu pandeni Newala. Shimo la Mungu si shimo, ni ukingo wa uwanda wa Makonde unaoporomoka kwenda bonde la Ruvuma, na siku isiyo na ukungu mnaiona Msumbiji. Chukueni masweta, Juni huko usiku kuna baridi ya kweli. Lakini barabara ya Masasi, Newala, Tandahimba hadi Mnivata imekuwa ikijengwa kwa vipande, kwa hiyo waulizeni madereva wa kituo cha mabasi Masasi asubuhi ile ile, wala si wiki iliyopita. Wakisema kuna mchanga, rudini kwa lami ya Ndanda.

Kuhusu kukaa garini: baba akae mbele na dereva. Mama mkwe akae kiti cha katikati upande wa mlango unaofunguka, anyooshe mguu, wala asiambiwe apande nyuma hata dakika moja. Kila saa moja na nusu simameni ashuke, hata akisema hajachoka. Wakina mama wa huku hawasemi wamechoka mbele ya mkwe. Chakula cha njiani kisikupe shida. Mama lishe wapo Lindi, Nangurukuru na Mtama, na mkikutana na ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, nunueni mfuko mzima, itawafaa hadi Ndanda. Maji ya kunywa na ya kutawadha bebeni dumu mbili tofauti, mziandike.

Na tairi la akiba la hiyo Noah. Kaka yako atakuambia lina upepo. Lishusheni, mlipime, na jeki muione inavyopanda na kushuka mbele ya macho yenu, Jumatano jioni, kabla hajaondoka nyumbani kwenu.